Khanga Iliyoshukia Nguruka

Mmeniuliza, kila mmoja kwa namna yake, ilikuwaje. Hamisi aliuliza kwa upole, maana ndiye anayeshika ufunguo wa ile nyumba ya Likoni yenye mlimau uani, na anataka kujua kama aendelee kutuwekea. Nyinyi wengine mliuliza kwa kucheka picha niliyotuma: mtu aliaga kwamba anakwenda pwani na mkewe, mbona nyuma yake hakuna mnazi hata mmoja? Ni kweli. Mti mnaouona ni mchikichi. Na yale maji si bahari. Lakini nikianza na maji nitakuwa nimeanzia mwisho.

Pwani ya kwanza: Igombe

Tangu tuhamie Tabora, Zuhura akifundisha wakunga chuoni na mimi nikihariri vitabu vya watu wengine sebuleni kwetu Itetemia, tulijiwekea desturi ya kutafuta pwani mwisho wa wiki. Mnajua jinsi Zuhura alivyo. Mdigo aliyezaliwa akisikia mawimbi hawezi kulala vizuri mahali ambapo kelele pekee ni ya mbwa wa jirani. Mimi pia ni wa pwani, lakini mimi ninalala popote, hata kwenye mikutano.

Safari ya kwanza tulikwenda Igombe, kwenye bwawa, nje kidogo ya mji. Tulibeba mkeka, sufuria ya pilau na mwavuli. Mlinzi alitutazama tukitandika.

"Mmekuja kuvua?"

"Hapana," nikasema. "Tumekuja kukaa pwani."

Akageuka akayatazama maji, akatutazama sisi. "Pwani ya nani?"

Zuhura alisogea ukingoni, akachovya kidole, akakilamba. Hiyo ni tabia ya marehemu mama yake. Yule bibi, kila alipofika baharini, alilamba kidole kwanza, kama mtu anayehakikisha kwamba chumvi bado ipo na hakuna aliyeihamisha.

"Maji ya bomba," Zuhura akasema.

Na hakukosea. Bomba la mji linatoka huko huko.

Mama huyo alifariki mwezi wa Ramadhani uliopita. Mnajua, mlikuwapo; sisi ndio hatukuwapo. Wafu wetu hawasubiri mabasi. Zuhura alipofika Kwale, mama alikuwa ameshazikwa, khitma imeshasomwa, na wanawake walikuwa wanarudisha masufuria kwa wenyewe. Hakulia. Alisaidia kubeba masufuria. Alirudi Tabora na khanga moja ya mama yake, iliyofuliwa mpaka maandishi yakafutika, hata hakuna anayekumbuka yalisema nini. Akawa anajifunga hiyo hiyo. Na bado hakulia. Alichosema tu, mara kwa mara, akikatakata vitunguu au akifunga mlango, ni: "Nataka pwani."

Wakati huo huo chuo kikataka kujua kama atabaki miaka miwili mingine. Jibu lilitakiwa Jumanne. Mimi ningebaki, maana hapa Tabora mtu akiniona na miwani na mfuko wa vitabu ananiita mwalimu, na sijawahi kumsahihisha. Lakini niliapa kutosema neno. Mara ya mwisho tulipokwenda Igombe, akikunja mkeka, Zuhura alisema: "Baba Saumu, nionyeshe maji makubwa mara moja. Nikiyaona nitajua kama nabaki au narudi."

Maji makubwa yaliyo karibu yako mwisho wa reli.

Tabora: treni iko Kigwa

Treni ya kwenda Kigoma ilitarajiwa Ijumaa jioni. Tulifika stesheni mapema, kama watu wasioijua reli. Nikamuuliza mama muuza chai treni iko wapi.

"Iko Kigwa."

Kigwa si mbali. Nikamwambia Zuhura asifungue chakula, tutakula ndani. Baada ya kitambo nikauliza tena, safari hii kijana mwenye sare.

"Iko Kigwa, mzee."

Jua likazama, nikauliza tena, na watu watatu wakanijibu pamoja kabla sijamaliza. Zuhura alikuwa ameshafungua chakula. Alinimegea kipande cha mkate wa mchele, akasema labda Kigwa ni kuzuri, labda na sisi tungekwenda huko. Hatimaye mama wa chai akatuonea huruma: "Nendeni mkalale nyumbani. Ikitoka Kigwa nitawapigia." Mtu hakujui, na anakuomba namba ya simu ili akuamshe. Alitupigia alfajiri, na nyuma ya sauti yake nilisikia vikombe.

Hivyo ndivyo tulivyosafiri mchana njia ambayo wengi huipita wamelala. Ni ile ile njia ya misafara ya zamani, toka Tabora kwenda Ujiji. Reli imeifuata kama mjukuu anayemshika babu mkono. Nilimweleza Zuhura hayo. Akasema vizuri, akafumba macho.

Kuelekea Urambo

Behewa letu lilikuwa la kukaa, viti vinatazamana. Mbele yetu alikaa mama mnene, mwenye baibui jeusi na kikapu kilichofunikwa kitambaa cha maua. Kando yake mzee mrefu wa Igunga, mfugaji, na fimbo yake kati ya magoti.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee," Zuhura akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Mama aliitwa Bi Nyamizi, wa Gongoni pale pale Tabora, anashona mito na mashuka. Alikuwa anakwenda Nguruka. Binti yake amejifungua. Mzee alikuwa Mzee Masanja. Ng'ombe wake walihamia Kaliua na mtoto wake mkubwa, naye anawafuata kuwajulia hali.

"Ng'ombe au mtoto?" nikauliza.

"Mtoto ana simu," akasema.

Bi Nyamizi alitupa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Niliuma kimoja nikadhani jino limebaki ndani yake. "Kinyonye kwanza, shemeji," akasema. "Hicho si cha kukimbilia." Nilikinyonya hadi Usoke, kimya, na Zuhura baadaye alikiri kwamba ilikuwa sehemu nzuri sana ya safari.

Urambo nilishuka kununua asali. Tafadhali msiniulize kwa nini mtu anayeishi Tabora ashuke kwenye treni kununua asali. Muuzaji alinionjesha ya nyuki wakubwa, kisha ya nyuki wadogo, kisha akataka kunieleza tofauti, na mimi siwezi kumkatiza mtu anayeeleza. Treni ikaondoka. Nilikimbia na chupa mbili, watu madirishani wakinishangilia kama niko uwanjani, nikavutwa mlangoni na mikono nisiyoijua.

Nilipofika kwenye kiti nilikuta mambo yameharibika.

Kati ya Urambo na Kaliua

Bi Nyamizi alikuwa amesimama katikati ya njia. Amejitanda khanga ya marehemu mama mkwe wangu. Mgongo ameupinda, mkono mmoja kiunoni, anatembea kwa kuvuta mguu, akilalamika kwa sauti ya puani ya bibi wa pwani.

"Uwiii, mguu wangu! Nani kalala kwenye mkeka wangu? Nileteeni kahawa! Nazi hii imekunwa na nani, mbona kama imekunwa na kuku?"

Behewa zima linacheka. Zuhura amekaa, mikono mapajani, uso mkavu.

"Na hii khanga," Bi Nyamizi akaendelea, akiinyoosha juu watu waione, "hata maneno yamekwisha! Mama yake alisema, akasema, mpaka khanga ikachoka ikanyamaza!"

Wapendwa, mimi ni mtu wa maneno. Chuoni nilisoma mila na desturi za Waafrika kwa muda mrefu na kufaulu vizuri. Nilichofanya kwa elimu hiyo yote ni kwenda kumwita mhudumu wa treni. Nilimkuta mlango wa pili, nikamwambia kwa Kiswahili cha barua za serikali kwamba kuna abiria anayemdhalilisha mke wangu na kumtukana marehemu.

Alikuja haraka, mtu wa watu. Akatazama. Akauliza, "Huyu mama ni kabila gani?"

"Mnyamwezi," behewa likajibu.

"Na mke wako, mzee?"

"Mdigo. Wa pwani."

Akanitazama kama daktari anayengoja mgonjwa aendelee. "Sasa shida iko wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Utani! Enzi zile Wanyamwezi wakishusha mizigo pwani, walitaniana na wenyeji hadi ikawa undugu, na undugu huo una kazi zake. Mmojawapo akifiwa, mtani ndiye anayekuja kumwigiza marehemu, kuvaa nguo zake, kumsema, kunyang'anya vitu, mpaka wafiwa wacheke kwa lazima. Ana ruhusa ambayo ndugu wa damu hana. Niliwahi kuandika karibu hayo hayo kwenye mtihani.

Zuhura alinieleza baadaye yaliyotokea nilipokuwa naonja asali. Bi Nyamizi aliitazama khanga akauliza ni ya nani. Ya mama. Yuko wapi? Amefariki. Na watani walikuja msibani? Zuhura akasema hajui, yeye alikuta masufuria yameshaoshwa. "Na wewe ni wa wapi?" Alipojibu, yule mama alivua viatu, akasimama, akamvua ile khanga begani.

Mzee Masanja tu ndiye aliyekuwa na wasiwasi wa kisheria. "Lakini Nyamizi, hawa ni wa Mombasa. Kenya. Utani unavuka mpaka?"

"Una ndugu Tanga, mwanangu?" Bi Nyamizi akamuuliza Zuhura, sauti yake mwenyewe imerudi kidogo.

"Shangazi," Zuhura akasema. "Yuko Duga."

"Kwisha! Huo mpaka umewekwa juzi, babu zetu wameshatukanana zamani." Akapinda mgongo tena. "Babu zangu waliwabebea mizigo, pembe kwa pembe, hadi baharini! Nyinyi mmekaa kivulini mnakunywa kahawa! Watu wavivu, hata kufa mnakufa mmelala!"

Nilimtazama Zuhura. Kitu fulani kilikuwa kinasogea usoni mwake, polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

"Kumbe ndiyo maana," akasema, "mpaka leo mikono yenu haijaacha kubeba vya watu! Nipe khanga ya mama yangu!"

Sijui kama mmewahi kusikia behewa zima likipiga kelele pamoja. Mzee Masanja aligonga sakafu kwa fimbo. Mhudumu alijishika kwenye kiti. Bi Nyamizi alicheka hadi akakaa, na Zuhura akacheka, kicheko chake kile cha Kwale kinachoanzia tumboni, kisha kikageuka katikati. Akalia. Alilia kifuani kwa Bi Nyamizi, juu ya khanga ile ile, miti ikipita, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mhudumu aliondoka kwa kunyata. Mimi nilisimama na chupa zangu mbili za asali, sijui niziweke wapi.

Nguruka na Uvinza

Mzee Masanja alishuka Kaliua. Alimpa Zuhura pole ya msiba, kama msiba umetokea asubuhi hiyo, na nadhani kwa namna fulani ulitokea.

Tulipofika Nguruka, Bi Nyamizi alikusanya kikapu chake, akashuka. Na khanga. Sote tulikuwa tumezama katika kuagana, wauza samaki wanapiga kelele dirishani, nami nikashtuka mwisho: "Bi Nyamizi! Khanga!"

Alikuwa ameshasimama chini, ameifunga kiunoni kwa fundo. "Kitu cha mtani kinakombolewa, shemeji! Jumatatu narudi. Aje Gongoni, aulize kwa Nyamizi mshona mito. Aje na wali wa nazi. Wa nazi kweli, si wa kopo!"

"Na nisipokuja?" Zuhura akauliza.

"Usipokuja nitaifanya pazia la choo!"

Treni ikaondoka. Nilianza kutafuta maneno ya kumliwaza mke wangu, maana ile ndiyo khanga pekee aliyobaki nayo, na tulikuwa tumempa mtu tuliyekutana naye saa ya chai. Zuhura akanigusa goti. "Wacha," akasema. Stesheni iliyofuata akanunua samaki wa Malagarasi wa kukaanga, akala wote peke yake, akanipa mkia.

Uvinza wanauza chumvi. Alinunua mfuko mdogo, akauweka kwenye mkoba. Nikasema nyumbani tunayo. "Hiyo ya nyumbani ni ya kupikia," akasema. Sikuelewa, lakini baada ya mambo ya Urambo nilikuwa nimeacha kuuliza.

Mwisho wa reli

Kigoma tuliingia jioni, na Jumapili asubuhi tukaenda Ujiji, mpaka ziwani kabisa. Sitawaelezea Ziwa Tanganyika, nitashindwa. Niseme tu kwamba lina mawimbi, na ng'ambo ni milima ya Kongo, na maji yanaonekana chini mpaka kwenye mawe.

Zuhura alivua viatu, akaingia na gauni lake hadi magotini. Nilibaki ufukweni na viatu vyote vinne. Akainama, akachovya kidole, akakilamba. Nilijua atasema nini.

"Hayana chumvi."

"Hayana," nikasema. Nikafikiria ile nyumba ya Likoni, mlimau wake, na nani atanibebea makasha ya vitabu. Nilijiambia ni sawa.

Akafungua mkoba. Akatoa mfuko wa Uvinza, akaweka punje mbili tatu kwenye ulimi, akateka maji kwa kiganja, akanywa. Akafumba macho kwa muda.

"Njoo," akasema.

Niliingia na suruali. Akaniwekea chumvi mdomoni kwa vidole vyake, kama mtu anavyomwonjesha mtoto, akaninywesha kutoka kiganjani mwake. Nikiwa mkweli, ilikuwa chumvi mno. Nilikohoa. Lakini aliniangalia kwa namna ambayo hajaniangalia tangu Ramadhani, nikameza.

Mama mmoja aliyekuwa anakaanga migebuka karibu na mtumbwi alitutazama kwa mashaka.

"Baba, mama anatibiwa?"

"Hapana, mama. Tuko pwani."

"Haya," akasema. "Ila hiyo chumvi ingefaa zaidi kwenye samaki."

Tukaenda kula samaki wake, na ndiye aliyepiga ile picha mnayoicheka. Bega langu linaonekana limeinama kwa sababu Zuhura ameliegemea. Hilo halikuonekana vizuri, nalifafanua.

Gongoni

Jumatatu tulirudi kwa basi. Hakuna la kusimulia, isipokuwa chupa moja ya asali ilipasuka katika begi langu, na sasa mswada wa mtu fulani una ladha ambayo haukuwa nayo.

Jumanne Zuhura aliamka mapema. Nazi Tabora zinasafiri kama sisi, zinafika zimechoka, lakini alizunguka sokoni hadi akazipata, akazikuna mwenyewe, akapika wali, akaifunga sufuria kwa kitambaa. Hakutaka nimsindikize. Hakuniambia chochote kuhusu chuo, nami sikuuliza. Nilikaa sebuleni nikihariri ukurasa mmoja siku nzima.

Alirudi jua likiwa limeshuka nyuma ya mstari mwembamba wa miti ya Itetemia. Sufuria tupu. Kichwani mtandio wake wa kawaida.

"Khanga iko wapi?"

"Nimemwachia."

Damu ilinipanda. "Alikataa kuitoa? Baada ya wali wote ule?"

"Aliitoa." Akakaa, akanyoosha miguu. "Ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, ina harufu ya udi. Amenipa kwa mikono miwili. Kwanza alisema wali una mawe. Kisha wakaja wenzake, wakaula wote, wakanisema mimi, na wewe pia, hasa kule kukimbilia treni na asali. Amewasimulia mji mzima." Akacheka kidogo. "Halafu mimi ndiye niliyeikunja nikamrudishia. Nikamwambia, kaa nayo, nitakuja kuikomboa siku ya kuhama."

Nje jirani alikuwa anamwita mtoto kwa Kinyamwezi. Niliogopa kuuliza, nikauliza.

"Na ni lini hiyo?"

"Nimepitia chuoni kabla sijaja," akasema. "Miaka miwili. Andika Likoni, wasitusubiri."

Basi nimeandika. Hamisi, ufunguo mpe mtu mwingine. Mwambie tu asiukate ule mlimau.